Umeona Ndege Adimu Kitulo au Mufindi? Namna ya Kupima Ulichokiona Kabla ya Kukitangaza

Mvua za Novemba zikianza, taarifa za mbayuwayu wa buluu nazo huanza kuja: kutoka uwanda wa Kitulo, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kutoka mabonde ya nyasi yaliyobaki kati ya chai na mipaini Mufindi, na mara mojamoja kutoka mahali ambapo hakuna aliyemtarajia. Baadhi ni za kweli kabisa. Tatizo ni kwamba aliyeona mara nyingi huleta jina tu, na jina halipimiki. Kinachopimika ni maelezo.

Mwongozo huu ni wa waongoza watalii, walinzi wa misitu, walimu wa klabu za mazingira, na yeyote anayeletewa habari ya ndege na kuombwa aseme kama ni kweli. Mfano mkuu ni huyo mbayuwayu wa buluu, Hirundo atrocaerulea, kwa kuwa ni adimu, yuko hatarini kimataifa, na anafanana na jirani zake kiasi cha kumponza hata mzoefu. Hatua zenyewe zinafaa kwa ndege yeyote.

Andika kabla ya kufungua kitabu

Ukishautazama mchoro wa kitabuni au wa kwenye programu ya simu, kumbukumbu yako huanza kukopa humo. Rangi ambazo hukuziona zinaingia kichwani, na baada ya nusu saa huwezi tena kutenganisha kilichotoka porini na kilichotoka ukurasani. Kwa hiyo mtazame ndege mpaka aondoke, kisha andika hapohapo. Tumia penseli, wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye ukungu wa milimani. Kama mikono imeganda kwa baridi, jirekodi kwa sauti kwenye simu, ueleze ulichokiona bila kutaja jina la ndege unayemdhania.

Pita sehemu kwa sehemu: mdomo (urefu, unene, rangi, umepinda au umenyooka), paji la uso, nyusi, koo, kidari, ubavu, tumbo, mgongo, kiuno, bawa kwa juu, bawa kwa chini, mkia, miguu. Chora. Yai kubwa ni mwili, duara dogo ni kichwa, kisha mishale yenye maneno. Uzuri wa mchoro hauna maana yoyote hapa. Mchoro unakulazimisha ugundue kwamba hujui rangi ya kiuno.

Kisha andika usichokiona. "Chini ya bawa sikupata nafasi ya kuona. Miguu haikuonekana." Mistari hii miwili huipa taarifa uzito kuliko sifa kumi zilizojazwa kwa kubahatisha. Maelezo yanayotaja kila unyoya wa ndege aliyepita kwa sekunde nne yanatia shaka yenyewe.

Ukubwa usiuandike kwa sentimita, kwa sababu jicho halina rula. Linganisha na ndege aliyekuwepo pale wakati uleule: mdogo kuliko kunguru aliyetua kwenye nguzo, mrefu kidogo kuliko mbayuwayu wengine aliokuwa nao. Kama hakukuwa na wa kulinganisha naye, sema hivyo.

Mkiwa wawili au watatu, kila mmoja aandike peke yake kabla hamjazungumza. Mkishasemezana, mmebaki shahidi mmoja mwenye midomo mitatu.

Hali ya kuona

Watu huandika ndege alikuwaje na kusahau wao walikuwa katika hali gani. Mambo yanayotakiwa ni umbali, muda, mwanga, hali ya hewa na kifaa.

Umbali upime kwa miguu, usiukisie. Ndege akishaondoka, tembea hadi pale alipokuwa ukihesabu hatua. Mtu mzima wa kimo cha kawaida hutembea hatua yenye urefu wa sentimita 70 au 75 hivi, kwa hiyo hatua 100 ni kama mita 70 na kitu. Kama ni bonde lisilopitika au ndani ya hifadhi ambako hupaswi kutoka njiani, tumia nguzo za uzio au urefu wa gari kama kipimo. Muda nao huvutwa sana na msisimko. Sekunde tano huhisiwa kama dakika nzima. Njia nzuri ni kukumbuka alifanya nini: "alikatiza barabara mara mbili, akazunguka, akashuka bondeni" humpa msomaji picha ya muda kuliko tarakimu.

Mwanga ndio unaoua taarifa nyingi za mbayuwayu. Ndege aliye kati yako na anga nyeupe huwa mweusi, hata kama tumbo lake ni jeupe. Kitulo, kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, ukungu huzidisha mambo: hufuta rangi, hufanya kingo zitanuke, na ndege aliye karibu akionekana bila mandhari nyuma yake hudhaniwa mkubwa kuliko alivyo. Andika jua lilikuwa upande gani. Mgongo wako ukiwa umeelekea jua, maelezo ya rangi yana thamani. Ukilitazama jua, amini umbo na mwendo tu. Rangi iache.

Sasa saa. Ukiandika "saa 2:40" kwenye daftari halafu mtu mwingine akaingiza 02:40 kwenye programu, mbayuwayu wako ameruka usiku wa manane. Andika zote mbili: saa 2:40 asubuhi, 08:40. Kosa jingine la aina hiyo ni alama ya kutoa kwenye latitudo. Mbeya iko kusini mwa ikweta, karibu na -8.9, 33.4. Ukisahau hicho kimstari, ndege wako amehamia Sudan Kusini, jirani na mpaka wa Ethiopia. Makosa haya mawili yanaonekana ya kitoto, na ndiyo yanayomfanya mhakiki wa rekodi za ndege aitupe taarifa bila kusoma mstari wa pili.

Anza na ndege wa kawaida

Kila ndege adimu ana ndugu wa kawaida anayefanana naye. Kazi yako ni kumtetea huyo wa kawaida mpaka ashindwe. Kwa mbayuwayu wa buluu, washukiwa wa Nyanda za Juu Kusini ni hawa.

Mbayuwayu mweusi, Psalidoprocne pristoptera, ndiye mpinzani mkubwa. Ni wa kawaida pembezoni mwa misitu na juu ya nyasi hizohizo, ni mweusi mwili mzima, na mkia wake una panda ndefu. Tazama mambo manne. La kwanza, rangi: huyu ana weusi uliofifia, wenye mng'ao wa kijani kidogo mwanga ukimpata vizuri, wa buluu hung'aa buluu iliyokolea kama chuma kilichopigwa msasa. La pili, mkia: kwa mweusi, panda ni pana na inaishia bila nyuzi, dume wa buluu ana manyoya mawili ya pembeni yaliyorefuka mno na kuwa membamba kama nyuzi, yanayopita mbali zaidi ya mkia wenyewe. La tatu, chini ya bawa: jamii ya mbayuwayu mweusi wa kusini mwa Tanzania ana weupe kwenye manyoya yanayofunika bawa kwa chini. Ukiuona weupe huo, kesi imekwisha, si wa buluu. La nne, mwendo: mweusi hupapatika taratibu na kuyumba karibu na miti, wa buluu hukata upepo kwa kasi, chini, akifuata mteremko wa nyasi.

Kuna sifa ya tano ambayo wengi hawaijui. Wa buluu ana michirizi myeupe ubavuni na pembeni mwa kiuno, ambayo kwa kawaida hufichwa na manyoya ya juu. Huonekana anapojinyoosha, anapojisafisha, au upepo unapomfumua akiwa ametua. Ikionekana ni ushahidi mzito. Isipoonekana haimaanishi kitu, kwa hiyo usiitumie kumkataa.

Mshukiwa wa pili hutajwa mara chache mno: mbayuwayu wa kawaida wa Ulaya, Hirundo rustica, anayekuwa kwetu takriban kuanzia Oktoba hadi Aprili, miezi ileile ya wa buluu. Ana nyuzi za mkia. Akiruka dhidi ya mwanga, tumbo lake jeupe hupotea na kubaki umbo jeusi lenye mkia mrefu, na hapo ndipo furaha inapomzidi mtu nguvu. Mngoje ageuke mbele ya mlima au msitu, pasiwe na anga nyuma yake. Tumbo likiwaka, ni yeye. Pia hubadilisha manyoya akiwa Afrika, kwa hiyo anaweza kuwa na uzi mmoja, au asiwe nao kabisa. Jirani yake wa kudumu, Hirundo angolensis, ana tumbo la kijivu na mkia mfupi. Huyu huwaponza walio mbali tu.

Mshukiwa wa tatu ni teleka. Weusi, panda ya mkia, kasi, vyote anavyo. Mabawa yake lakini ni marefu na yamepinda kama mundu, na hawezi kutua kwenye waya wala kwenye bua la jani kavu. Ukimwona ndege wako ametua wayani, teleka ametoka kwenye orodha.

Tatizo gumu linabaki kwa majike na makinda. Jike wa buluu ana nyuzi fupi, na kinda ni mwenye kahawia zaidi na mkia usiokomaa. Kinda wa buluu peke yake, mbali, bila dume karibu, ni ndege ambaye mara nyingi inabidi aachwe bila jina. Hakuna aibu hapo.

Mantiki hiyohiyo hufanya kazi ndani ya msitu. Ukidhani umemwona Sheppardia lowei, yule ndege mdogo wa misitu ya Dabaga, Mufindi na Njombe mwenye mgongo wa kahawia na kidari cha rangi ya chungwa iliyofifia, swali la kwanza liwe juu ya nyusi. Ndugu yake Sheppardia sharpei ana nyusi fupi nyeupe mbele ya jicho, lowei hana. Kama uso hukuuona vizuri, kidari cha chungwa hakitakufikisha popote, maana giza la msitu hukoleza rangi na tochi huipausha.

Mahali na majira

Sifa za mwili zikishapita, muulize ndege amefikaje hapo. Mbayuwayu wa buluu huzaa kwenye nyasi za milimani zenye mvua nyingi, kwenye miteremko yenye mabonde ya maji. Hujenga kikombe cha tope ndani ya mashimo: yaliyodidimia yenyewe, ya muhanga, au yaliyoachwa na wachimbaji. Mbayuwayu mweusi huchimba handaki lake kwenye ukingo wa udongo. Kwa hiyo ndege anayeingia kwenye tundu dogo la ukingo wa barabara ya Matamba, jirani na Kitulo, ana uwezekano mkubwa wa kuwa mweusi, hata kama mkia umekupendeza.

Baada ya kuzaa, wa buluu huondoka kwenda nyasi za ukanda wa Ziwa Victoria, Uganda na magharibi mwa Kenya, na hukaa huko kuanzia takriban Aprili hadi Septemba. Taarifa ya Desemba kutoka Kitulo inapimwa kwa kipimo cha kawaida. Taarifa ya Julai kutoka mahali hapohapo inahitaji picha. Haiwezekani? Inawezekana, ndege hawasomi kalenda. Ila mbayuwayu mweusi yupo Julai, na yeye ndiye anayebeba uwezekano mwingi.

Usitumie mahali kama kisu cha kukata kila kitu, lakini. Kwale wa msitu wa Udzungwa, Xenoperdix udzungwensis, alijulikana kwa sayansi mwaka 1991 tu, ndani ya msitu wa Ndundulu, baada ya watafiti kuona miguu ya ndege wasiyemtambua ndani ya sufuria ya chakula kambini. Alipewa jina mwaka 1994. Mtu anayesema "huyo hayupo kwenye orodha ya huku" anataja upungufu wa orodha pia. Kigezo kizuri ni kuuliza kama mazingira yanafaa: mwinuko, aina ya nyasi au msitu, maji. Mazingira yakifaa na orodha ikimkosa, ongeza bidii ya kutafuta ushahidi. Yakigoma yote mawili, rudi kwa washukiwa wa kawaida.

Ndege wa kawaida mwenye kasoro

Kabla ya kutangaza, jiulize kama ni ndege wa kila siku aliyebadilika sura. Upauko wa manyoya humfanya ndege awe na mabaka meupe, mara nyingi yasiyolingana kushoto na kulia. Ukiona jeupe upande mmoja tu, shuku kasoro. Manyoya yaliyolowa huwa meusi na huonyesha umbo jembamba la uongo. Vumbi jekundu la uwanda wa Usangu hupaka tumbo jeupe rangi ya kutu. Ndege anayebadilisha manyoya huwa na mkia mfupi, panda isiyokuwepo, au pengo bawani linalofanana na baka jeupe anga likipenya. Chavua ya maua humpa chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, paji la njano au la chungwa ambalo halimo katika kitabu chochote.

Picha na sauti

Picha mbovu ya ndege mzima ni bora kuliko picha nzuri ya mkia. Piga mfululizo, usichague wakati unapiga. Ukiwa na kamera, mbayuwayu anataka kasi ya 1/2000 ya sekunde au zaidi, na kwa ndege aliye angani ongeza mwanga kwa hatua moja hadi moja na nusu, la sivyo utapata kivuli cheusi kisichosema lolote. Ukiwa na simu na darubini tu, shusha vikombe vya mpira vya darubini, egemeza darubini kwenye nguzo au begi, weka lenzi ya simu katikati ya kioo cha kutazamia, kisha rekodi video. Fremu moja nzuri hutosha. Kwa ndege anayeruka njia hii haifai sana, msubiri atue. Asubuhi zenye ukungu na baridi mbayuwayu hukaa kwenye nyaya na mabua makavu mpaka jua lipasue, na hapo ndipo picha nyingi zinazofaa hupatikana.

Tunza faili la asili bila kuligusa. Hariri nakala. Usiongeze ukolezi wa rangi hata kidogo, kwa sababu buluu ya kwenye kompyuta haina uhusiano na buluu ya ndege. WhatsApp hubana picha na kufuta taarifa za saa na mahali, kwa hiyo itume kama dokumenti. Hakikisha saa ya kamera ni sahihi. Kamera iliyokaa kabatini hukumbuka tarehe ya ajabu.

Sauti rekodi katika muundo wa WAV simu ikiruhusu. Elekeza, kaa kimya, usitembee kwenye majani, na mwishoni taja tarehe, mahali, saa na kama ulimwona mtoa sauti au ulisikia tu. Kucheza sauti ya ndege ili kumvuta kunakubalika mara chache, kwa muda mfupi, na kamwe karibu na kiota. Ndani ya hifadhi fuata utaratibu wa hifadhi.

Ukimkuta ndege aliyekufa, usimshike kwa mkono mtupu. Mpige picha mgongo, tumbo, bawa lililofunguliwa juu na chini, mkia uliotandazwa, mdomo na mguu, rula ikiwa kando. Kama ana pete mguuni, piga picha namba zote kwa kuizungusha. Kumchukua kunahitaji kibali, picha hazihitaji.

Unapopokea taarifa ya mtu mwingine

Hapa ndipo hekima ya eneo letu inapohitajika. Mchungaji wa Umalila au mpasua mbao wa Njombe ameona ndege wengi kuliko mgeni mwenye darubini ya mamilioni, ila majina ya kienyeji mara nyingi hubeba spishi tatu au nne kwa pamoja, na adabu humfanya mtu akubaliane na mgeni. Ukiuliza, "Mzee, alikuwa na mkia mrefu, sivyo?" jibu litakuwa ndiyo. Umelitunga mwenyewe.

Salimia, kaa, mpe muda. Kisha uliza maswali yaliyo wazi: "Mzee, alikuwa anafanya nini ulipomwona? Alitua wapi? Alikuwa peke yake? Wengine kama yeye unawaona miezi gani?" Muombe aonyeshe ukubwa kwa mikono, kisha aonyeshe vilevile ukubwa wa ndege anayemjua kila siku, ili ujue mikono yake inapimaje. Rangi ziulize kwa vitu: mweusi wa mkaa au wa kunguru? Mwekundu wa udongo au wa damu?

Picha zitoe mwisho, na zitoe nyingi: ndege unayemdhania, ndugu zake wa kawaida, na mmoja au wawili ambao haiwezekani wawepo huku, kama pengwini. Usitikise kichwa, usitabasamu. Akimtambua na pengwini kuwa wa kijijini, ujue anakufurahisha. Kama mashahidi ni wawili, waulize kila mmoja mahali pake.

Usiahidi fedha kwa ndege, unyoya wala yai. Ukinunua mguu mmoja leo umeagiza ndege wa pili auawe kesho. Unaweza kuomba kuonyeshwa manyoya yaliyobaki na kuyapiga picha.

Na usimdharau asiye na darubini. Kima kipunji alijulikana kwanza kwa maelezo ya wawindaji wa Kinyakyusa kuzunguka mlima Rungwe, wakati watafiti wakiwa hawana hakika kama ni mnyama wa kweli au wa hadithi. Mwaka 2003 alithibitishwa, na mwaka 2005 akatangazwa kisayansi. Wawindaji walikuwa sahihi, na ilibidi wengine wafanye kazi ya kwenda kuangalia.

Rudi

Ndege aliyeonekana mara moja hubaki swali. Rudi saa ileile, siku inayofuata kama inawezekana, ukiwa na mtu ambaye hukumwambia cha kutarajia. Kaa mahali ambapo jua litakuwa mgongoni mwako. Kwa mbayuwayu anayezaa, kaa mbali na shimo la kiota. Wazazi wakizunguka juu yako bila kuingia, uko karibu mno, rudi nyuma mpaka waingie. Usichungulie ndani, usikanyage ukingo: mashimo hayo huporomoka, na njia uliyoikanyaga kwenye nyasi humwongoza mbwa au mtoto mdadisi.

Usipompata, andika hilo pia, pamoja na muda uliotafuta.

Kukata shauri

Uzito wa ushahidi unaotakiwa unapanda kadiri ndege anavyozidi kutotarajiwa. Ndege wa kawaida aliyesogea kidogo: maelezo mafupi yanatosha. Ndege adimu mahali na msimu wake, kama wa buluu Kitulo mwezi Desemba: maelezo yanayotaja sifa za kumtofautisha na kueleza kwa nini si mbayuwayu mweusi wala wa Ulaya. Adimu nje ya msimu au mahali pake: picha, sauti, au watazamaji wazoefu zaidi ya mmoja walioandika kila mtu peke yake. Mpya kwa Tanzania nzima: picha au sauti, na kazi inapelekwa kwa Kamati ya Ndege Adimu ya Afrika Mashariki.

Ushahidi ukifika njiani, simama pale ulipofikia. Vipanga wa jenasi ya Circus wanaohamia kwetu wakati wa baridi ya Ulaya ni mfano mzuri. Dume wa Circus macrourus ni mweupe mwenye kabari nyeusi kwenye ncha ya bawa, na dume wa Circus pygargus ni wa kijivu mwenye mstari mweusi kukatiza bawa. Hao hawana ubishi. Majike na makinda wa kahawia wenye kiuno cheupe ni jambo jingine kabisa, na wengi wa Usangu huonekana kwa sekunde chache wakiwa mbali. Andika jozi ya majina mawili. eBird, programu ya mtandaoni ya kuweka rekodi za ndege, inaruhusu kuingiza jozi ya spishi au kundi tu, na rekodi ya jozi ni rekodi halali inayotumika.

Jaribio la mwisho ni kusoma maelezo yako huku jina la ndege limefunikwa. Je, mtu asiyekujua angefika kwenye jina hilohilo kwa maneno uliyoandika tu? Au imani yako ndiyo inayobeba mzigo?

Maelezo yanayopimika

Linganisha: "Mbayuwayu wa buluu, mmoja, Kitulo, alikuwa mzuri sana, nina uhakika asilimia 100." Humo hakuna cha kupima.

Na hii, ambayo ni mfano wa namna ya kuandika: "Uwanda wa nyasi kando ya kijito, mwinuko mita 2,600. Saa 2:40 asubuhi (08:40), ukungu umeinuka, jua nyuma ya mtazamaji. Darubini 8x42, mita 40 zilizopimwa kwa hatua. Ametua kwenye waya, akaruka mara tatu, akarudi. Mwili wote buluu iliyokolea yenye mng'ao, tumbo na koo vivyo hivyo. Nyuzi mbili za mkia, nyembamba, zinazidi mkia kwa mbali. Alipojisafisha, michirizi myeupe ubavuni. Chini ya bawa giza, hakuna weupe. Miguu haikuonekana. Mbayuwayu weusi wawili walikuwepo: wamefifia, mkia bila nyuzi. Maelezo yameandikwa papo hapo kabla ya kutazama kitabu."

Ingiza taarifa eBird au ipeleke kwa Atlasi ya Ndege wa Tanzania, na waarifu Nature Tanzania, shirika la uhifadhi, kama ni spishi iliyo hatarini. Ikiwa umekuta kiota, viwianishi kamili vya mahali wape wahifadhi tu. Hadharani taja wilaya au hifadhi. Kwa korongo taji jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mayai na vifaranga huibwa kwa biashara, na picha yenye mahali pake ni ramani ya bure kwa mwizi.

Mhakiki akiuliza maswali, jibu kwa daftari, usijibu kwa kumbukumbu, na usiongeze sifa mpya ambazo hazikuwepo siku ya kwanza. Akikataa, badilisha rekodi iwe ya kundi au jozi, hifadhi maelezo, mchoro na faili za asili pamoja na tarehe yake. Rekodi iliyokataliwa mwaka huu huweza kufunguliwa tena ndege akionekana mahali hapohapo msimu ujao, ila kwa sharti kwamba penseli yako bado inasomeka.